Mate ya Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 10 Machi 2025. Malaba.

Vichupa mia moja na ishirini vimeandikwa namba kwa mkono wangu, na nimevihakiki mara mbili. Leo inaanza wiki ya kwanza kati ya kumi na mbili. Daktari Velma Wabwire alinikabidhi sanduku la barafu, akasema, "Petronilla, miaka yangu kumi na tisa ya kazi imo humo. Ukiliangusha, umeniangusha mimi."

Wanabodaboda arobaini wa steji yetu wamekubali. Kila mmoja ana siku yake ya wiki: anatema mate akiamka, anatema tena baada ya nusu saa, na tena jioni kabla ya kula. Ananiletea, nami namsomea fomu ya maswali kumi na mawili. Nusu yao waliwahi kupigwa kichwani mpaka wakazirai, nusu hawajawahi. Alhamisi wote hukaa katika ukumbi wa kanisa, wanafundishwa kupumua, kulala kwa saa, kuzungumza, kuacha pombe. Daktari anataka kuona kama ubongo ulioharibiwa na vitisho unaweza kujijenga upya, na mate ndiyo yatakayomwonyesha.

Majina yanakaa ndani ya daftari moja tu, langu. Nje ya hapo kila mtu ni namba. Tuliwaahidi hivyo kwa sahihi.

Namba 017 ni ndugu yangu, Victor Olinga.

Jumatano, 12 Machi.

Siku ya Victor. Kuamka saa kumi na mbili na dakika tano. Nilimsomea fomu mlangoni kwake; tunakaa ploti moja, nyumba tatu kati yetu. Swali la tisa: Katika siku saba zilizopita, umempiga mtu yeyote? Alinitazama. Nyuma yake Aguti, mke wake, alikuwa anapepeta mchele na jicho lake la kushoto limefumba.

Niliandika Hapana.

Mtu akiwa na Ndiyo mbili anaondolewa kwenye utafiti na jina lake linapelekwa kwa chifu. Aguti ameshaniambia: "Nampa hizo wiki zenu kumi na mbili, Petro. Asiporudi kuwa mtu, mimi na mtoto tunaenda Adungosi kwetu, na haturudi."

Jumanne, 18 Machi.

Muzafaru, namba 023, aliniuliza leo aandike kuamka kupi, kwa kuwa ni Ramadhani. "Naamka daku, nakula, nalala, naamka tena. Sasa dada, mimi naamka mara mbili kama kuku mgonjwa. Daktari anataka kuku yupi?" Steji nzima ilicheka. Daktari alisema aandike zote mbili.

Jioni mimi na daktari tulikaa tukipanga barafu, akanieleza alivyoanza. Alianza na panya, chuoni Nairobi, kisha Uholanzi miaka kumi na moja. Alikuwa akiwafungia panya ndani ya mrija wasiweze kugeuka, saa kadhaa kila siku, kisha anakata ubongo wao vipande vyembamba kuliko karatasi. Seli za ubongo zina matawi kama mpera. Kwenye sehemu ya kumbukumbu, matawi ya panya walioteswa yalikuwa yamesinyaa. Waliopumzishwa, yalichipua tena.

"Basi watu wanapona," nikasema.

"Ngoja. Kwenye sehemu ya hofu, matawi yalikuwa yameongezeka. Nikawapumzisha, hayakupungua." Alifunga kifuniko cha sanduku. "Wenzangu waliniuliza mbona niache maabara nije kukusanya mate Malaba. Niliwaambia panya hawana steji."

Aliniambia pia kuhusu kotisoli. Ubongo hutuma habari kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, tezi hiyo ikaamuru nyingine juu ya figo, na homoni ikamwagika kwenye damu na mate. Kwa mtu mwenye afya hupanda asubuhi, hushuka jioni. Kwa mtu aliyezoea vitisho hulala bapa, kutwa.

Nilitaka kumuuliza kama mkono unaotupa jiwe nao huacha kitu kwenye mate. Sikumuuliza.

Jumamosi, 22 Machi.

Mvua imeanza. Trela zimesimama mpaka nje ya mji.

Jumatano, 26 Machi.

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa nane na nusu mchana nilikuwa chini ya paa la steji nikingoja vichupa. Kulikuwa na manyunyu. Mwanamume mmoja mwenye sweta ya kijani, labda miaka ishirini na mitano, alisimama karibu na pikipiki ya Geoffrey akachutama kufunga kamba ya kiatu. Geoffrey alitoka hotelini akapiga kelele, "Unafanya nini kwa kufuli yangu?" Mtu huyo akakimbia. Huenda aliiba. Huenda alikimbia tu kwa sababu alipigiwa kelele.

Okwara, mwenyekiti wa steji, akapiga honi ndefu.

Asiyekaa hapa hajui honi ndefu. Mtu anabonyeza honi haachii, wa pili anaipokea, wa tatu, mpaka steji za barabara ya Busia zinasikia. Ukiisikia unakuja, huulizi. Na ukifika unapiga, hata kama ni mara moja. Asiyepiga amekuwa shahidi, na shahidi ni mwenzake mwizi.

Walimpata kwenye mtaro. Walianza na helmeti, halafu mawe. Okwara alikuwa na kipande cha mpira wa maji, anahesabu watu: "Kila mtu moja! Wewe umepiga? Wewe je?" Jino liliruka likanigonga kwenye sketi. Mtu wa sweta ya kijani aliomba maji. Geoffrey alimpiga mdomoni kwa spoketi, lile gurudumu la meno la mnyororo. Muzafaru alikuwa nyuma, amefunga, midomo imekauka, Okwara akamshika kola, "Na wewe sheikh?" Muzafaru akaokota jiwe, akalitupa bila kutazama. Lilipata shingo. Baada ya hapo yule mtu hakuomba tena kitu.

Tairi la kumchomea lililetwa, lakini hapakuwa na haja. Polisi walifika baada ya saa nzima. Steji ilikuwa tupu, pikipiki zote zimekwenda. Sanduku nililishika wakati wote, kwa mikono miwili. Barafu haikuyeyuka.

Victor alikuwa amejifungia choo cha ploti yetu tangu honi ya kwanza. Nilimsikia anapiga kichwa kwenye bati, tap, tap, tap, mpaka jioni. Alipotoka alimpiga Aguti kwa sababu chai ilikuwa baridi.

Swali la tisa: Hapana.

Alhamisi, 27 Machi.

Daktari alisema niendelee kuchukua vichupa kama kawaida. "Hasa leo," akasema. Sikupenda lile neno hasa.

Walikuwa wanaosha pikipiki. Okwara akaniita, "Dada ya mate! Njoo, leo mate ni tamu, tumekula nyama!"

"Okwara, nilikuwa hapa jana," nikasema. "Najua nani alileta tairi. Kituo cha polisi si mbali."

Alisonya. "Enda, dada. Lakini ukifika uwaambie pia ile nusu tofali ya siku ya Victor ilitoka mkono wa nani. Ulifikiri nimesahau? Mimi ni mwenyekiti. Kazi yangu ni kukumbuka nani amepiga na nani hajapiga."

Sijawahi kuliandika hili. Naliandika.

Tarehe 6 Juni 2023, saa tisa kasoro mchana. Wakati huo niliuza chai na mandazi hapa stejini. Victor alikuwa anaendeshea Busia, huku hawakumjua. Alileta abiria, mtu akasema pikipiki yake ni ile iliyoibwa asubuhi. Honi ndefu. Mimi nilikuja kama wengine. Nilimwona mtu hana shati, uso wote ni matope na damu. Okwara akanisukuma, "Na wewe mama chai? Ama ni bwana yako huyo?" Watu wakacheka. Nusu tofali ilikuwa karibu na jiko langu. Niliitupa.

Kisha yule mtu akaita, "Toto!" Kwetu Wateso, toto ni mama. Aliita kwa sauti niliyoijua tangu akiwa mchanga mgongoni kwangu.

Nililia kwamba ni ndugu yangu, ndipo wakaacha. Ile pikipiki ya asubuhi ilipatikana Tororo siku mbili baadaye. Victor alilala siku kumi na moja bila kufungua macho. Alipopona, Okwara alimpa nafasi stejini, kama pole. Wote wanajua kuhusu tofali isipokuwa Victor.

Ndiyo maana naandika Hapana. Nadhani ndiyo maana.

Jumatatu, 31 Machi.

Idi. Muzafaru ameleta pilau na kichupa. Hakula. Kwenye nafasi ya maelezo alinitaka niandike kwamba alimpiga mtu akiwa amefunga, na hajui kama saumu yake ilipokelewa.

Jumatano, 9 Aprili.

Mvua. Victor, kuamka saa kumi na moja na dakika arobaini. Hapana.

Jumatano, 16 Aprili.

Hapana. Aguti ana alama ya vidole shingoni. Anavaa kitambaa.

Jumapili, 20 Aprili.

Pasaka. Victor alibeba mtoto begani mpaka kanisani akaimba sauti ya tatu, kama zamani. Nililia, nikasingizia moshi wa ubani.

Jumanne, 29 Aprili.

Majibu ya maabara ya wiki sita za kwanza yamefika. Daktari alikuwa kama msichana. Alinionyesha mistari kwenye kompyuta. "Tazama namba 017. Machi, bapa kabisa. Sasa tazama: asubuhi inapanda! Na swali la tisa, Hapana wiki zote. Petronilla, huyu ndiye mtu niliyemtafuta tangu Uholanzi. Mwezi wa sita nampeleka kwenye mkutano Nairobi."

Nilisema, "Pongezi, daktari."

Asubuhi kweli imepanda. Mistari haidanganyi. Anayedanganya ni mimi.

Alhamisi, 8 Mei.

Victor amemvunja Aguti mkono kwa spana namba kumi na saba.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilisikia mtoto, nikakimbia. Victor alikuwa amesimama katikati ya nyumba, anasema, "Nani amepiga honi? Nani amepiga honi?" Ilikuwa honi ya trela, barabarani. Aguti alikuwa amejaribu kumshika bega. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Alipoinama kumchukua mtoto kwa mkono mmoja, Victor akainua spana tena, nami nikamrukia. Aliniuma sikio. Ndugu yangu aliniuma mpaka meno yakakutana.

Kisha akaketi, akaitazama spana kama kitu cha mtu mwingine.

Niliita Morris wa stejini ampeleke Aguti hospitali, halafu Adungosi. Aguti alipanda pikipiki mtoto mbele yake. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

"Petro," akasema, "hiyo karatasi yako ya kila Jumatano. Kuna mahali wanauliza kama ananipiga?"

"Kuna."

"Uliandika nini?"

"Niliandika hapana."

Aliutazama mkono wake. "Basi mlikuwa wawili mnaonipiga."

Ijumaa, 9 Mei.

Nimemwambia daktari yote kuhusu fomu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ngapi?"

"Tisa. Zote."

Alifuta namba 017 kwenye karatasi yake ya Nairobi kwa kalamu, mara moja, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka. "Wewe ndiye mtu pekee niliyemwamini hapa," akasema. Hakunifukuza, wiki zimebaki tatu na hana mwingine anayewajua. Jina la Victor amelipeleka kwa chifu. Kuhusu tofali sikumwambia.

Jumatatu, 12 Mei.

Chifu hajafika. Mto umefurika.

Jumatano, 14 Mei.

Victor ameniletea vichupa vitatu ingawa ameondolewa. Nimevipokea. Swali la tisa nimeandika Ndiyo. Aliisoma, akasema, "Sawa."

Jumanne, 20 Mei.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Saa nne asubuhi Victor alikuja stejini na panga. Mimi nilikuwa chini ya paa na sanduku na daftari. Hakunitazama. Alimwendea Morris. "Ulimpeleka mke yangu wapi?"

"Boss, weka hiyo kitu chini," Morris akasema. "Mama mwenyewe ndiye alitaka."

"Ulimpeleka wapi?"

"Victor, mimi nilimbeba tu na mkono umevunjika! Ulitaka nimwache?"

Panga lilishuka. Morris aliinua mkono, likamkata kutoka kiwiko mpaka kifundo. Niliona kitu cheupe kabla damu haijakijaza. Victor akaliachia panga hapo hapo kana kwamba limemchoma.

Okwara akapiga honi ndefu.

Victor hakukimbia. Aliposikia ile honi alikunja magoti, akajifunika kichwa kwa mikono miwili, akangoja. Walikuja kutoka pande zote. Helmeti ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili sikioni. Geoffrey alileta spoketi yake. Nilisikia mbavu, zinatoa sauti kama miwa. Daktari alikuja mbio kutoka ofisini anapiga simu, wakamsukuma mtaroni, miwani ikavunjika.

"Kila mtu moja!" Okwara anahesabu. "Dada ya mate, si unajua sheria? Ama leo tena ni mpaka nikusukume?"

Akaweka jiwe mkononi mwangu. Niliona ni jiwe la mto, laini. Nililitupa mtaroni. Nikaenda nikalala juu ya Victor.

Pigo la kwanza lilinipata nyusi, la pili vidole. Vidole viwili vilivunjika. Nilijua nikisema ni ndugu yangu haitasaidia, safari hii wanajua. Nikainua uso nikaanza kuwaita.

"Geoffrey, namba nane! Unaamka saa tisa, hulali tena. Uliniambia huwezi kulala ubavu wa kushoto, kwa sababu sikio hilo ndilo lilisikia yule wa sweta ya kijani akiomba maji!"

Spoketi ilisimama hewani.

"Muzafaru, namba ishirini na tatu! Ulipiga ukiwa umefunga. Wiki nane sasa unaniuliza kama saumu yako ilipokelewa!"

"Nyamazisha huyo mwanamke," Okwara akasema.

Niliendelea. Nilikuwa na wote kichwani, saa zao za kuamka na maneno yao. Nilitaja anayekojoa kitandani. Nilitaja aliyerudi usiku kutafuta jina la marehemu asilipate. Nilipotaja kila mmoja, kila mmoja aligeuka kuona nani amesikia, na mkono ukashuka. Damu ilikuwa inaniingia machoni, sikuona nyuso, niliona viatu tu. Viatu vilianza kurudi nyuma.

Mpira wa maji ulinipata shingoni. Mara mbili. Mara tatu.

"Okwara, namba moja! Unalala na taa imewaka na panga chini ya mto. Uliniambia unawakumbuka wote saba waliokufa hapa. Uliniambia ungependa mtu akuulize majina yao!"

Mpira haukushuka tena. Muzafaru ndiye aliyevua jaketi akamfunga Morris mkono, halafu akasema bila kumtazama mtu, "Leteni gari."

Jumamosi, 24 Mei.

Nyusi zimeshonwa nyuzi saba. Vidole viwili kwenye plasta. Morris ataishi, vidole vyake havikunji bado. Victor ana mbavu nne zimevunjika, yuko wodini Busia, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda. Aguti ameandikisha taarifa polisi, nami nimeandikisha yangu, kuhusu Victor, Okwara, na siku ile ya sweta ya kijani. Okwara hajaonekana.

Utafiti umekwisha. Watu thelathini na wanane wamejitoa, na wana haki; nilitoa siri zao barabarani. Kamati ya maadili imeandika barua. Daktari aliisoma mbele yangu, miwani yake imefungwa gundi.

"Miaka kumi na tisa," akasema.

"Nisamehe, daktari."

"Nambale, nikiwa na miaka tisa, walimuua kaka yangu sokoni kwa sababu ya baiskeli. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama yangu. Hakuna aliyetaja jina la mtu yeyote." Alikunja barua mara mbili. "Siwezi kukusamehe kwa sababu ya kazi. Na siwezi kusema ningetaka unyamaze."

Nilifikiri ni mtu baridi. Nimekuwa nikimsoma vibaya tangu Machi.

Jumatatu, 2 Juni. Busia.

Mvua imepungua. Nimekwenda wodini mchana, saa ya kuona wagonjwa, na kichupa kimoja na fomu moja zilizobaki kwenye mkoba. Sijui kwa nini nilizibeba. Mazoea.

Victor alikuwa ameketi. Askari alikuwa mlangoni anakula njugu. Nilimwambia kwamba Aguti hatarudi. Akasema anajua, na asirudi. Kesi itatajwa wiki ijayo, na atasema ukweli.

"Umeniletea fomu?" akauliza.

"Haihesabiwi tena."

"Lete."

Nilidhani anataka kujaziwa. Badala yake alichukua kalamu, akaiweka fomu juu ya goti. Tangu aumie mwandiko wake unaanguka upande. Akaanza kunisomea mimi. Jina. Umri. Saa ya kuamka. Nikamjibu, yeye akaandika. Alipofika la tisa akaacha kusoma kilichoandikwa.

"Petro. Wewe umewahi kumpiga mtu?"

Askari alikuwa anatafuna. Niliangalia pingu kwenye kifundo cha mguu wake.

"Ndiyo."

"Nani?"

"Wewe. Siku ile. Nusu tofali. Sikujua ni wewe mpaka ulipoita."

Kalamu ilisimama. Nilingoja kofi, au mate usoni, au alie. Alipumua kama walivyomfundisha ukumbini, pumzi ndani, pumzi nje. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro."

Akaandika: saa tisa kasoro. Akaandika taratibu, kila herufi, mpaka mwisho. Halafu akafungua kifuniko cha kichupa kwa meno, akakinyoosha kwangu.

"Tema," akasema.

Nikatema.